Yule Kiboko Nilimchora Mimi

Kaka Deo,

Sijui uliko, ndiyo maana barua hii naipeleka gazetini badala ya posta. Kuna mtu wa Kasansa amemwambia mama kwamba alikukuta Tunduma, umekonda kidogo, unapakia mizigo kwenye malori. Anasema ulimpa salamu za nyumbani, na baada ya salamu ukamwambia, "Mwambie mama, Skola ndiye aliyenifukuza Dar."

Mama alifunga safari hadi posta ya Mpanda kunipigia simu. Alikuwa analia. "Mwanangu, kaka yako umemfanya nini?" aliniuliza, na kabla sijajibu laini ikakatika. Tangu siku hiyo nina hasira isiyolala. Nakula nayo, napanda nayo ngazi za ofisini. Basi nimeamua nikukumbushe mambo, maana inaonekana huko uliko umeanza kuyasahau.

Unakumbuka dirisha la sebuleni, pale nyumbani Misunkumilo? Asubuhi jua lilipiga upande ule, nami nilibandika karatasi moja juu ya nyingine kwenye kioo ili mchoro wa chini uonekane, nikachora unaofuata ukiwa umesogea kidogo tu. Mguu unapanda. Mguu unashuka. Ulikuwa ukipita nyuma yangu na kikombe cha chai, unasimama, unatazama. Wewe ndiye uliyekuja na habari kwamba redioni wametangaza studio moja ya Dar inatafuta vijana wanaoweza kuchora katuni zinazotembea, na kwamba anayetaka kazi apeleke kanda ya video yenye mfano wa kazi yake. Uliingia ndani mbio, hujavua hata viatu. "Skola, hii ni yako," ulisema. Hukusema ni yetu. Ulisema ni yako.

Nilikupenda sana siku ile. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma.

Wakati ule ulikuwa ukimsaidia Bwana Shija kupiga video za harusi, na ukamwomba kamera kwa siku ambazo hakuna harusi. Uligonga misumari miwili kwenye ubao ili karatasi zisiyumbe. Mimi nilikuwa naweka mchoro, nawe unabonyeza na kuachia upesi. Natoa, naweka mwingine, unabonyeza tena. Umeme wa Mpanda ulikuwa ukikatika katikati ya kazi na tunabaki tunacheka. Kiboko alipotoka majini kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya Bwana Shija, kiuno kikitangulia kushoto kama marehemu bibi alivyokuwa akitembea na ndoo, ulishika kichwa. "Huyu si bibi kabisa?" Nikakwambia ndiye. Nilikuwa nimemchora bibi, nikamvika ngozi ya kiboko.

Na baba alipochoka kuona karatasi kila kona, akasema binti mzima hawezi kushinda dirishani akichora wanyama, wewe ndiye uliyesimama. "Baba, mwache. Hii ni kazi kama kazi nyingine." Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyewahi kunisemea hivyo. Kwa hiyo uliposema uende wewe Dar na kanda, kwa kuwa unazijua stesheni na una pa kufikia, sikuuliza hata swali moja. Nilikusindikiza hadi kwenye treni ya Kaliua. Nilikufungia kanda ndani ya kitenge changu isiingie vumbi.

Ulipiga simu kwa Bwana Shija, naye akaja kuniita. Nakumbuka sauti yako, ilikuwa ya upole mno.

"Pole, mdogo wangu. Wameitazama."

"Wamesemaje?"

"Wamecheka, Skola. Wamesema ni mchezo wa watoto. Lakini mimi wamenipa kibarua hapa hapa, cha kubeba taa na kufagia. Usivunjike moyo."

Nilivunjika, Deo. Nilikaa jikoni na mama nikawa nawashia jiko karatasi zangu, moja baada ya nyingine. Mama aliniuliza kwa nini nachoma kazi yangu, nikasema si kazi. Nilikataa hata kushika penseli. Baadaye nikaenda Ikola kwa shangazi, nikawa nasaidia kuanika dagaa, narudi jioni nikinuka ziwa, najiambia haya ndiyo maisha yangu na wala si mabaya. Kweli si mabaya. Lakini nilikuwa nimeyachagua kwa sababu ya uongo.

Sasa sikiliza, maana hili sidhani umewahi kulifikiria.

Walikuja Ikola watu wa afya na gari lao, jenereta na televisheni. Ilikuwa mchana, wakatukusanya kwenye ukumbi wa kanisa, wanawake wakatundika vitenge madirishani ili giza liingie. Walitaka kutuonyesha habari za kuchemsha maji. Video ikaanza. Mto ukatokea, na ndani ya mto akatoka kiboko, kiuno kikitangulia kushoto.

Watoto walicheka. Shangazi, ambaye ni binti wa bibi, alinishika mkono. "Skola, yule ni mama," alisema. Walikuwa wamemtia rangi na sauti ya mzee fulani, anafundisha watu kuchemsha maji, lakini kila hatua aliyopiga niliifahamu, nilikuwa nimeipiga kwa mkono huu. Mwishoni yakapita majina. Mchoraji: Deogratias, na jina la baba yetu.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mchanga katikati ya dagaa. Shangazi alinifuata, nikamwambia naomba aniache. Kuiba ungeweza kuiba, nikajiambia, watu huiba. Lakini kwa nini uliniambia wamecheka? Kanda ungeichukua na bado ukaniacha na mkono wangu. Wewe ulichukua kanda, kisha ukarudi ukachukua na mkono.

Nilipanda lori hadi Mpanda, nikaenda posta, nikakupigia kwenye namba ya studio. Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu, wakasikia kila kitu, na sikuwajali.

"Nimemwona kiboko," nilisema.

Ukasema, "Skola, ningefanyaje? Walitaka mtu aliyepo. Wewe ungekuja Dar? Baba angekuruhusu?"

"Uliniuliza?"

"Jina lenyewe si ni letu sote? Ni jina la baba."

"Na kucheka? Nani alicheka, Deo?"

Ulikata simu. Safari ile laini haikuwa na kosa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Shija. Yule mzee alishangaa kweli. "Mimi kaka yako aliniambia michoro ni yake," alisema. "Nilijua wewe unamsaidia kupanga karatasi." Kumbe ulikuwa umeanza kabla hata ya treni. Ulikuwa umeanza tukiwa bado tunacheka pamoja kwenye kiza cha umeme uliokatika. Alinipa kamera bila masharti, na mpwa wake akawa ananibonyezea.

Nilianza upya, Deo, na nilianza kwa hasira tupu. Mkono ulikuwa umekuwa mzito, mistari inatetemeka, nikachora na kuchana. Nilichora wanawake wa Ikola wakigeuza dagaa, migongo inainuka na kushuka. Nilichora ng'ombe wa Wasukuma wakivuka mto mmoja mmoja, yule wa nyuma anasita. Nilichora mama akipepeta mpunga. Kwenye kila karatasi, kwenye kona ambayo kamera inaifikia, niliandika jina langu, Skolastika, hadi likawa linachezacheza chini ya picha kama mdudu. Bwana Shija alisema linaharibu mchoro. Nikamwambia liache liharibu.

Kisha nikaenda kwa baba, kwa sababu swali lako lilikuwa limeniganda kichwani. Nilimkuta anakunywa uji. Nikamwambia nataka kwenda Dar kutafuta kazi ya kuchora. Aliumaliza uji wake, akafuta mdomo.

"Utafikia kwa nani?" aliuliza.

Hilo tu. Utafikia kwa nani. Ukuta wote ule ulionijengea kwenye simu, baba aliupita kwa maneno matatu.

Dar niliizunguka. Ofisi ya kwanza hawakuniruhusu kupita mlangoni. Ya pili deki yao ya video ilikuwa mbovu. Ya tatu ni ya mama mmoja, chumba kimoja na feni, anatengeneza matangazo na filamu fupi za shule. Aliitazama kanda yangu mwanzo hadi mwisho, akairudisha nyuma, akatazama tena ng'ombe wanavyovuka.

"Mwendo huu nimeuona," alisema. "Kuna kijana wa huko huko kwenu, alikuwa ofisi ile nyingine, ya kiboko. Umejifunza kwake?"

Fikiria, Deo. Nimevuka nchi nzima na kazi yangu mkononi, naulizwa kama nimekuiga wewe.

"Hapana, mama," nilisema. "Yule ni kaka yangu. Yeye alikuwa anabonyeza kamera."

Aliizima deki. Kisha akaniambia jambo ambalo mama yetu halijui mpaka leo. Kwamba wenye studio yako walikuomba filamu ya pili, ukawa unasema kesho, kesho. Kwamba walipokuwekea karatasi mezani uchore mbele ya wageni, uliaga unakwenda kula, na hukurudi kuchukua hata koti lako. Mimi nilikuwa bado Mpanda nachora migongo ya wanawake. Hakuna mtu aliyekufukuza. Ulifukuzwa na karatasi nyeupe.

"Njoo Jumatatu tukujaribu," yule mama aliniambia. Nilikwenda, na bado nipo. Siku hizi mimi ndiye ninayewafundisha wanaokuja.

Kwa hiyo usinitumie watu wa Kasansa. Kiboko baki naye, sitamdai. Zile siku za dagaa nilizoishi nikiamini sina kipaji, hizo huwezi kuzirudisha, na sijifanyi kwamba zimepoa. Lakini huwezi kuninyang'anya na mama. Anaamini mwanawe wa kiume anabeba mizigo mpakani kwa sababu ya binti yake. Analisalia hilo kila Jumapili, anatuombea tupatane, na kila akiomba mimi ndiye mkosaji katika sala yake. Hilo sitalivumilia. Ningeweza kumweleza mwenyewe, na pengine ataniamini, lakini atabaki akijiuliza. Anapaswa kulisikia kwako.

Simu zipo Tunduma. Mpigie Bwana Shija, atamwita mama kama alivyoniita mimi. Mwambie nani alichora, nani alidanganya, na nani aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Usiseme "jina letu sote." Sema majina.

Ukishamaliza, kama una pa kwenda, usije. Kama huna, njoo. Sitakukumbatia na sitakuuliza safari ilikuwaje. Nitakufungulia mlango, nitakupa chakula, na utakaa mezani mbele yangu hadi nimalize kusema yaliyobaki, maana haya hayajafika nusu.

Mdogo wako uliyemsindikiza mwenyewe nje ya kazi yake,

Skola