Jina kwenye Chupa

Morogoro, 5 Februari 1996

Mpendwa Baba,
Mwangaluka, kama tunavyosalimiana huko kwetu. Mimi mzima, natumaini nanyi hamjambo. Hapa maabara tumekamua mafuta ya kivumbasi na mkaratusi: ukijipaka jioni, mbu hawakusogelei. Tangu duka la ushirika lifungwe, najua wachuuzi wanawauzia dawa kwa bei wanayotaka. Basi Dastan wa lori la pamba atakuletea katoni ya chupa, uwagawie majirani. Kila chupa nimeibandika karatasi: "Mafuta ya kupaka yanafukuza mbu".
Mwanao, Scola

Kasoli, 11 Machi 1996

Mwanangu Scola,
Hatujambo, ila mvua zimeleta mbu wengi. Katoni imefika. Lakini binti wa mwalimu wa Kiswahili anabandikaje sentensi, tena isiyo na nukta, mahali pa jina? Nimezibandua zote, nikaandika kwa mkono wangu: "Dawa ya Malaria". Fupi, na sarufi imenyooka. Jirani yetu Nyamizi amechukua chupa akinicheka: "Mwalimu, kumbe nawe siku hizi ni mganga!"
Baba yako

Morogoro, 2 Aprili 1996

Shikamoo Baba,
Leo sikuulizi hali. Dawa ya malaria hunywewa! Mafuta haya hayatibu homa, na tumboni ni sumu. Zunguka nyumba kwa nyumba, uzirudishe chupa zote. Nami nimekosa, ningekuja mwenyewe kuwaeleza.
Scola

Kasoli, 19 Mei 1996

Mwanangu,
Sina salamu njema. Barua yako ilinikuta tumetoka kumzika Milembe, mjukuu wa Nyamizi. Alishikwa na homa. Hakupelekwa zahanati, kwa kuwa dawa ilikuwa ndani. Bibi yake alimnywesha kijiko asubuhi na jioni.
Chupa nyingine nimezikusanya. Juzi Nyamizi alikuja kuomba ya pili, ya kuweka akiba. "Ile iliisha kabla mtoto hajapona, Mwalimu. Ningefuata nyingine mapema." Nilimjibu kwamba zimekwisha. Ukweli sikumwambia.
Baba yako

Morogoro, 3 Juni 1996

Shikamoo Baba,
Umemwacha aamini kwamba alimpunja mtoto dawa. Nenda ukamwambie. Ukishindwa, nitakuja nimwambie mimi.
Mwanao

Kasoli, 16 Juni 1996

Mwanangu Scola,
Nimekwenda. Nilimweleza kwa Kisukuma, nikiwa nimesimama, kwamba aliyekosa si yeye, ni mimi niliyeandika. Aliendelea kupepeta mtama hadi makapi yakaisha. Kisha akasema: "Lakini mimi sijui kusoma, Mwalimu. Nilimpa Milembe mwenyewe chupa anisomee. Akasoma kama ulivyomfundisha. Hakukwama hata kidogo."
Baba yako