Kimya cha Kipimo cha Kumi na Moja

Jumamosi, 5 Septemba 1998

Leo nimeitukana kompyuta. Kwa sauti, na mteja yupo. Lwitiko akachungulia kutoka kwenye fotokopi, akauliza kama hiyo ndiyo sala mpya ya Wakatoliki. Yeye Mmoravian, Mnyakyusa wa Tukuyu, bosi wangu, na mdomo wake hauna breki. Duka la kuchapa ni lake, hapa Mazwi, na mimi ndiye mchapaji. Na kwa kuwa nachapa na naimba alto, paroko kaamua kitabu cha nyimbo za jubilei ya parokia ni kazi yangu. Haya!

Kompyuta ilikuja mtumba kutoka Dar, na waliokuwa nayo wameacha ndani programu ya kuandikia nota. Lwitiko alidhani ni gemu. Unabofya, nota inakaa mstarini, na ukitaka inakuimbia kwa sauti ya mbu mwenye mafua. Balaa ni solfa. Haijui do wala re! Napanga herufi moja moja chini ya nota, halafu maneno ya wimbo chini yake tena, na nikisogeza moja zote zinakimbilia ukurasa wa pili. Macho yananiuma. Na vumbi hili la Septemba limejaa mpaka kwenye kibodi.

Nyimbo zote nimemaliza, umebaki mmoja: "Pokea Ulezi Wetu", wimbo wa matoleo wa Mwalimu Theodory. Nimeuacha wa mwisho kwa makusudi. Namjua yule mzee.

Jumatatu, 7 Septemba

Kipimo cha kumi na moja!! Vile vyumba kati ya mistari ya wima – wimbo mzima kila chumba kina mapigo manne, umetulia, safi. Hapo mzee kaandika matatu tu, akarukia mbele. Mashine haitaki. Nikiweka matatu, la nne inajaza yenyewe kwa pumziko, kale kadudu kama unywele uliojikunja. Nafuta, inarudisha. Nafuta, inarudisha! Nimeshindwa na kadudu.

Nikajiambia labda mzee kasahau pigo. Umri umekwenda, mtu husahau. Nimeacha pumziko likae, nimetoa nakala moja nimpelekee mzee kwake Kasense. Juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: BADO.

Jumamosi, 12 Septemba

Kasense kwa baiskeli, upepo wa mbele njia nzima. Bora ningebaki nyumbani nifue.

Mwalimu Theodory alinifundisha darasa la tatu, na kwaya amemfundisha kila aliyewahi kufungua mdomo parokiani hapa. Nilimkuta kibarazani, blanketi magotini. Nyuma ya nyumba binti yake, Redempta, anatwanga peke yake. Shikamoo Mwalimu. Marahaba, lete.

Aliisoma karatasi kwa kuimba chinichini, mikono ikipiga magoti. Kufika cha kumi na moja mikono ikasimama. Nani kaniwekea kimya hapa? Nikasema mashine. Mama yangu! Kasema nilikuwa mzito tangu la tatu, ila alidhani nimepona. Kasema wimbo huu hakuutoa kichwani, aliutoa kwenye kinu. Marehemu mkewe, Mama Fortunata, na Redempta, wakitwanga ulezi wawili kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule unashuka. Ukipumzika hapo michi inagongana, Hilaria! Umewahi kutwanga wewe, au umezaliwa mjini?

Nimetwanga mpaka viganja vikaota sugu! Hivyo ndivyo nilivyotaka kumjibu. Nikasema samahani Mwalimu.

Redempta kanisindikiza mpaka njiani. Kasema tangu wamzike mama, mwaka jana, baba hana raha na kitu. Amebakiwa na kuuliza habari za wimbo. Kwenye kile kitabu cha nyimbo cha zamani waliuacha nje, eti mwandiko hausomeki, na hilo halijamtoka. Dada Hilaria, kasema, auone umechapwa akiwa hai. Na uwe kama alivyouandika.

Nimerudi na upepo wa nyuma lakini baiskeli ilikuwa nzito kuliko asubuhi. Nimemwahidi. Kwa nini nimeahidi?

Jumatano, 16 Septemba

Nimeweza! Kumbe unaweza kubadili mapigo ya chumba kimoja tu, kisha ukarudisha! Menyu ndani ya menyu ndani ya menyu, yote Kiingereza. Pumziko limetoweka. Nilipiga kelele, Lwitiko akadhani nyoka. Mbu wangu akaimba bila kusita, nami nikapiga meza kwa viganja viwili, huu juu huu chini. Kinu kitupu! Mzee hakukosea hata kidogo.

Halafu nikatafuta ile nakala ya BADO, niliyorudi nayo dukani kutoka Kasense, niichane. Haipo.

Ipi? kasema Lwitiko. Ile ya nota? Si nimetoa kopi, wanakwaya wananunua! Enock, yule anayeleta dagaa kutoka Kirando, ziwani, na ndiye mwenyekiti wa kwaya ya huko, kabeba furushi zima. Wengine nao wamepita wakachukua. Na lile neno BADO? Kalifunika na kikaratasi cheupe, lilikuwa linachafua kopi.

Nikamwambia hujui ulichofanya. Kasema biashara huria, dada, mteja akitaka unampa. Sijawahi kulia kazini. Leo nilikwenda kusimama chooni nikingoja hasira ishuke, na haikushuka.

Jumapili, 20 Septemba

Baada ya misa, Mbonile kanishika mkono. Mwenyekiti wa kamati ya jubilei, mtu wa ofisi ya mkoa, tai hata kwenye mazoezi. Alikwenda Kirando kikazi, akawakuta Enock na wenzake wanaimba "Pokea Ulezi". Kasema wakifika mahali fulani wote kimya! Wanaoleta matoleo wanainua vikapu juu, halafu kwaya inalipuka. Nywele zilimsimama. Kila kwaya iimbe hivyo.

Nikamweleza. Hapo ni kosa, la mashine na langu, mwenyewe hataki. Kasema hakuna kosa tamu namna ile. Mtunzi ni mmoja, kasema, waimbaji ni kwaya nzima nzima na wamekwisha kariri. Chapa kama unavyoimbwa, usituvurugie.

Nikakimbilia kwa paroko. Kasema mkubaliane, akaendelea na chai yake. Mkubaliane! Nani na nani? Mzee yuko Kasense na blanketi lake.

Alhamisi, 24 Septemba

Kwenye flopi nina wimbo mara mbili. ULEZI1 una kimya. ULEZI2 hauna. Kiwanda cha kuchapa, Mbeya, kinataka mmoja tu. Lwitiko anaipeleka flopi huko kwa gari Jumatatu asubuhi.

Umeme hakuna. Hasira ninayo.

Jumamosi, 26 Septemba

Mazoezi ya pamoja ya kwaya zote za jubilei. Nilimtumia Redempta ujumbe kwa mtu: baba usimlete. Kamleta. Kasema jaribu wewe kumzuia.

Kirando walikuja juu ya lori la dagaa, wananukia dagaa na wenyewe. Mbonile mbele, anapunga mikono utadhani anaongoza magari. Wakaimba. Wanaimba vizuri, siwezi kusema uongo. Cha kumi na moja – kimya. Kanisa zima. Vikapu juu. Hata mimi nywele zilisimama, na nikajichukia.

Nilikuwa namwangalia mzee. Nilingoja fimbo yake irushwe. Hakurusha. Mbonile kamfuata, anatabasamu, Mwalimu unauonaje? Kasema rudieni. Wakarudia. Rudieni. Wakarudia tena. Akainuka katikati ya wimbo, akatoka bila kumuaga mtu, Redempta mbio nyuma yake.

Mbonile akanitazama mimi! Kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza! Enock akanifariji kwamba wazee wakifurahi hununa. Labda wa Kirando.

Basi, nimeamua. ULEZI2. Kama alivyouandika. Mbonile akasirike mpaka tai imkabe. Nimeahidi.

Jumatatu, 28 Septemba

Naandika hapa hapa dukani, maana mambo bado yanaendelea.

Nimefika asubuhi kufungua, nikamkuta Mwalimu Theodory mlangoni na Redempta. Umeme upo, ajabu. Kasema anataka kumwona huyo anayejaza kimya kwenye nyimbo za watu. Nikamkalisha kiti cha Lwitiko, kofia magotini.

Kwanza nikampigia ule wake. Akasikiliza, mikono ikaanza, huu juu huu chini. Alikuwa anatabasamu! Ndiyo, kasema. Hivi ndivyo nilivyoandika. Moyo wangu ukatulia mara ya kwanza mwezi huu. Nikanyoosha mkono kuchukua flopi.

Kasema sasa wa Kirando.

Mwalimu, wa nini tena? Lete, kasema. Nikaupiga. Huu juu huu chini, huu juu huu chini – kufika pale, mkono wa kulia ukashuka, wa kushoto ukabaki juu. Ukabaki. Rudia, kasema. Nikarudia, na mkono ukabaki juu tena.

Akasema, na sidhani alikuwa anasema na mimi: siku hizi Redempta anatwanga peke yake. Kila asubuhi nalala namsikiliza. Mchi unashuka, halafu hakuna kitu, halafu unashuka. Mwaka mzima sipendi kuusikia na sikujua kwa nini. Kumbe hapo ndipo palikuwa pa mama yake.

Redempta kajifunika uso kwa kanga. Mimi nikatazama kibodi. Nilitaka kukasirika, nimezoea, lakini haikuja.

Nikauliza, Mwalimu, nichape upi? Akaniambia nimwonyeshe kile kimya kilipo. Nikamwonyesha kale kadudu, na yeye akaweka kidole juu ya kioo, akakapapasa. Nikasema naweza kukaondoa sasa hivi, ni kubofya tu. Kasema ngoja. Muulize Redempta, yeye ndiye mchi uliobaki.

Redempta kasema, baba, mimi kile kimya nimekizoea. Halafu kasema, sijakizoea. Halafu kaomba wausikie tena.

Lwitiko anapiga honi, gari linanguruma. Kaingia na mdomo wazi tayari kunifokea, kakiona kidole cha mzee juu ya kioo, kafunga mdomo. Lwitiko! Kasimama pale na funguo za gari mkononi. Hakuna anayesogea. Mbu anaimba tena wa Kirando, mkono wa mzee unapanda na kushuka, na wa Redempta nao umeanza, taratibu, upande wa pili wa meza. Kipimo cha tisa. Cha kumi –