Kiapo cha Ghala la Kusi

Jumapili, 2 Rajabu
Leo nimeapa! Mimi, Mufarrij bin Salama, mtunza ghala la ngano la mji wa Kusi — na mji mzima ulikuwepo. Kadhi kanishikisha Msahafu, kanisomea kiapo: nikisema uongo juu ya akiba ya mji, mke wangu ameachika talaka tatu, nyumba yangu sadaka, na Makka nakwenda kwa miguu. Wenzangu huapa kwa kunong'ona kama wagonjwa. Mimi nilinguruma — njiwa wawili wakadondoka kutoka mnarani, wallahi! Na kadhi alipomaliza nikaongeza la kwangu: naapa kwa kiapo hichohicho, ghala limejaa hadi kwenye boriti! Wanaume takbiri, wanawake vigelegele.
Nyumbani Ghazala kaniuliza, "Mume wangu, uliingia mpaka ndani?" Nikamwambia mtu kama mimi, niliyewahi kumvuta mamba mkia, hana haja ya kuingia. Mlango ulifunguliwa, nikaona mlima wa ngano. Kwani mlima huingiwa?

Jumanne, 4 Rajabu
Mto haupandi, na usipofurika hakuna mavuno. Mpiga mbiu wa maji, ambaye kila asubuhi hutangaza kina, leo kapita kimya. Mkate nilionunua ningeweza kuuvaa kama pete.
Mpwa wangu Hasaballah, mwoka mikate, kapita. Kaniuliza kama nimelichoma mkuki lundo lile. Ati wao waokaji hawagusi ngano ya mtu bila kuchoma mpaka sakafuni. Nikamwambia mkuki ni wa wasio na macho. Kacheka: "Haya, mjomba. Lakini hata mamba huonyesha mgongo tu."

Alhamisi, 6 Rajabu
Nimechoma.
Mkuki umepita ngano kina cha mkono mmoja. Kisha laini, kama kuchoma godoro. Makapi. Nimezunguka pande zote — makapi, makapi, na fukusi. Ngano ni ngozi tu juu. Na mtunzaji wa zamani yuko njiani kwenda Hijazi, tulimuaga kwa dua!
Labda kiapo hakijanipata, nilidhani ni kweli. Lakini nani aliniuliza dhana? Niliapa. Kumuuliza kadhi ni kuufungua mlango mwenyewe. Na talaka tatu si moja, hazina kurejeana.
Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Rajabu
Msikitini msimamizi wa soko katangaza: kesho ghala linafunguliwa, waokaji waje na magunia. Watu wakanipigia kelele, Baba wa Mikate! Baba wa Mikate! Nikainama kutafuta viatu vyangu.
Godoro langu nimelihamishia juu ya paa. Nimesema ni joto. Ghazala kaniletea maji, nikamwambia weka hapo chini — mikono isije ikagusana. Hakuondoka.
"Mume wangu, kadhi umemuuliza?"
Nikasema, kumuuliza nini?
"Hilo linalokufanya uniogope kama moto."
Nikamwambia hakuna kitu. Akaketi ngazini, mgongo kwangu, mpaka maji yakapata moto kwa jua.

Jumamosi, 8 Rajabu
Asubuhi. Niko kwenye kijumba cha mlinzi wa ghala. Nimesema natafuta ufunguo. Ufunguo uko kiunoni.
Nje watu wamejaa na magunia yao matupu. Msimamizi wa soko anataka nirudie kiapo mbele ya mlango kabla haujafunguliwa, watu watulie roho — kwa sauti ile ile, kasema, iliyoangusha njiwa! Wakacheka. Hasaballah hakucheka. Kaja na mkuki wake begani.
Nikiapa leo, leo najua. Nikikataa, nimekwisha kusema.
Nimechungulia dirishani. Ghazala yuko mbele ya wanawake wote. Hana gunia. Kajitwika bunda la nguo zake, lile la kijani alilokuja nalo siku ya harusi.
Wanabisha. Sasa wamenyamaza — mmoja tu anabisha, taratibu. Naujua mlio wa bangili zile, ni za Ghazala.
"Mufarrij bin Salama! Toka useme kilichomo."