Gurudumu la Nne la Trekta la Mzee Jayanti

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sijui kuanza nawe kwa namna nyingine.

Arobaini yako imepita. Mama yuko Magomeni kwa shangazi, anakula kidogo kidogo. Kibanda chetu cha Gerezani nilikifungua wiki iliyopita. Mafundi wenzako walikuja kunipa mkono mmoja mmoja, kisha wakarudi kwenye kazi zao na nyundo zikaendelea. Nilitaka zinyamaze siku nzima. Sijui kwa nini nilidhani zitanyamaza.

Nakuandikia kwa sababu ya trekta la Mzee Jayanti wa Upanga. Unakumbuka alivyokuja na picha ya trekta la marehemu baba yake, shambani Morogoro, lenye magurudumu ya chuma matupu, spoku kumi na mbili kila moja. Alitaka mfano wake, mdogo wa kukaa mezani. Ukamwambia, "Bodi hata fundi mwingine atakutengenezea. Magurudumu ndiyo utayapata kwangu tu." Ulikuwa hujisifu, Baba. Siku ile nilifurahi kukusikia.

Matatu uliyamaliza. Pete za nje ulizikata kwenye bomba la maji, vitovu ukavitoa kwenye koki kuukuu, spoku za baiskeli ukazipunguza mpaka urefu wa kidole. Ukavipanga kwenye kile kibao chenye misumari, ukalehemu spoku moja upande huu, inayofuata upande wa pili, ili moto usilivute gurudumu upande mmoja. Kazi yangu ilikuwa kushika kitovu kwa plaizi kisicheze.

La nne, asubuhi ile, uliniita. "Mwanaidi, njoo unishikie." Nilikuwa na mteja wa bawaba. Nikasema, "Subiri, Baba." Ukasubiri. Mteja akachagua bawaba, akazirudisha, akachagua nyingine. Ukaniita tena, nami nikakujibu bila hata kugeuka, "Baba, si nimesema subiri?" Kwa sauti ile ya kukereka. Hukuita mara ya tatu. Nilisikia gesi ikiwaka, nikajua unafanya peke yako.

Ulipomaliza ulilitundika msumarini, ukasema kifua kinakubana, ukakaa chini. Kwenye bajaji ulinipa maneno ya kumfikishia Mama tu. Hospitali tulifika ukiwa bado unapumua. Sikukuomba radhi. Nilidhani muda upo.

Wiki iliyopita nililishusha lile gurudumu, nikalitia kwenye ekseli, nikalizungusha. Linayumba, Baba. Kitovu kimekaa kando. Jirani yetu Athumani akaniambia, "Liache hivyo, dada. Ni kazi yake ya mwisho, na yule mzee hataona." Siku mbili nilitembea nalo kwenye mkoba. Nilitaka kumsikiliza Athumani. Lakini wewe kazi ikiyumba ulikuwa unasema neno moja tu, "Rudia," hata ikiwa yako mwenyewe, hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

Nikawasha gesi. Athumani akanishikia kitovu. Lehemu yako ikayeyuka, spoku zikaachia moja baada ya nyingine, nami nikawa navunja kitu cha mwisho ulichokigusa. Nililia mpaka Athumani akazima moto, akaniambia nikanawe uso. Tukaanza upya. Mara ya kwanza likapinda. Mara ya pili pia. Mara ya tatu likazunguka limetulia, nikalifunga kwenye trekta.

Mzee Jayanti alikuja Jumamosi, hana habari. "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia. Akakaa kwenye kigoda chako. Kisha akalisukuma trekta juu ya meza taratibu, ameinama kabisa kuyatazama magurudumu. Akauliza ni lipi ulilolitengeneza mwisho. Ningeweza kuonyesha lolote. Nikamweleza yote, na ile "subiri" nikamweleza.

Akasema, "Baba yangu alifia Morogoro, mimi nikiwa dukani hapa Kariakoo. Walinipigia simu niende. Nikasema nitakuja wiki ijayo."

Hakuniambia nisilie, wala kwamba umenisamehe. Tulikaa tu, watu wakipita na mizigo mlangoni. Alipoinuka akauliza kama naweza kumtengenezea na jembe la kufunga nyuma ya trekta, lenye magurudumu yake mawili. Nikasema naweza. Nimeshakata pete.

Baba, niwie radhi. Nimelisema hili mbele ya kaburi lako na halikutoka vizuri, ndiyo maana naliandika.

Ijumaa nitamleta Mama. Anataka kukusomea dua mwenyewe, na kuna mambo anasema ni yenu wawili. Nitakaa pembeni mpaka amalize, hata ikichukua mchana kutwa. Sitamharakisha.

Pumzika, Baba yangu.

Mwanao,
Mwanaidi