Mkono Atakaoushika Baba Mkwe

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo, dada. Na wewe shemeji Saidi unayemsomea mkeo, shikamoo, nami nakuomba usome polepole wala usiruke mahali kwa kuona haya. Mimi ni mzima, isipokuwa hilo nitakalolieleza. Nataka kujua hali zenu nyote huko Kilwa, kifua cha dada kama kimetulia, na paa la uani kama limeezekwa kabla ya mvua. Barua yenu niliipata. Mmeniuliza kwa nini mwandiko wangu umekuwa kama wa mtoto wa chuo cha Kurani. Jibu la swali hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mkono wangu wa kulia unaniuma. Sikutaka kukwambia, maana najua utaanza kulia kabla shemeji hajafika mwisho wa ukurasa. Usilie kwanza, sikiliza.

Unajua kazi yangu katika ofisi ya mkonge ni kupiga taipureta kutwa nzima. Siku moja kifundo cha mkono kikaanza kuniwaka moto, nikapuuza. Baadaye ganzi ikashika kidole gumba na vile vinavyokifuata, na sasa nikiamka asubuhi kufunga kifungo cha kanzu ni kazi. Baiskeli nimeiacha, maana kushika usukani ni adhabu. Nakwenda kazini kwa miguu, na watu wa mtaa wananiuliza nimemwuzia nani.

Mwenye nyumba niliyopanga ni Bi Mwanahamisi, mama wa Kidigo asiyepitwa na kitu. Aliponiona nashika kikombe kwa mikono miwili alisema papo hapo, "Wewe unatoka kazini mikono ya moto, unakwenda msikitini kuitia maji baridi. Mishipa itaacha kukaza?" Nikaona ndilo hilo, maana hata wewe ulikuwa ukitukataza kunawa maji baridi baada ya kupiga pasi. Basi nikawa nachukua maji ya moto kwenye chupa ya chai, natawadhia hayo. Msikitini walinicheka, wakaniuliza kama na maziwa nimetia. Nikavumilia. Nikaufunga mkono kwa kitambaa kikabana kwelikweli, nikaendelea kuipiga taipureta kama ninayegombana nayo. Mkono ukaanza kuvimba.

Sasa linakuja lililo kubwa zaidi. Harusi yangu na Mwanaisha ni baada ya Idi, hilo mnalijua. Baba yake, Mzee Kombo wa Chumbageni, atamwozesha bintiye kwa ulimi wake mwenyewe, na ataushika mkono wangu wa kulia mbele ya watu mpaka nitamke kukubali. Dada, mimi siku hizi mtu akinipa mkono wa salamu natamani kupiga ukelele. Itakuwaje nikiuvuta mkono katikati ya maneno yale? Watasema bwana harusi kakataa. Nikaamua kuficha maumivu, nikijipa moyo kwamba yatakwisha yenyewe.

Ijumaa moja Mzee Kombo akanialika chakula baada ya sala. Tukakaa sinia moja, mimi, yeye na mdogo wake Mzee Ali, mtu asiyecheka. Wali wa nazi na nguru wa kupaka, chakula nikipendacho, wala sikukionja utamu. Vidole havikukubali kukamata tonge. La kwanza lilimwagika njiani. La pili, nikaja kushtuka mkono wa kushoto umeshaingia kwenye sinia kumsaidia mwenzake. Mzee Ali akanawa, akasema ameshiba, na alikuwa hajala kitu. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikueleza neno, nikaaga, nikaenda zangu kama mwizi.

Haukupita muda mshenga wangu, Bwana Hamadi fundi cherehani, akaja mlangoni.

"Athumani, kule kuna maneno. Huyu anasema umerogwa, yule anasema una maradhi ya kupooza unayaficha ili uoe. Mzee anakutaka Alhamisi."

"Ana hasira?"

"Alinisindikiza kwa adabu mpaka njiani," akanijibu. "Hapo ndipo paliponitisha."

Kesho yake nikaenda hospitali. Nilimkuta dresa wa Kibondei, msaidizi wa daktari, mtu wa makamo, akaniambia nikae kama ninavyokaa kazini. Nikakaa, nikainua viwiko kama kuku anayetaka kuruka. Akaniuliza meza yangu ikoje. Nikamweleza ni meza ya zamani ya kupangia mkonge, watu walikuwa wakiifanyia kazi wamesimama. Hapo akacheka. Akasema maji baridi hayana kosa lolote. Kosa ni kwamba mikono yangu inapanda mlima kutwa nzima, na kifundo kimepinda. Akataka niinue kiti mpaka viwiko vilingane na herufi za taipureta, miguu niiwekee sanduku, nisigonge kwa nguvu, na kila nikimaliza barua niinuke nikunjue vidole. Usiku nilale na kijibao chepesi chini ya kifundo, kitambaa kisibane. Nilipomwuliza nitapona lini, alisema wengine hupona upesi, wengine huchelewa. Jibu hilo halikunisaidia hata chembe.

Bwana mkubwa niliogopa kumwambia, kwa kuwa kuna karani mwenzangu anayekitamani kiti changu. Niliwahi ofisini, nikakunja magunia nikayaweka juu ya kiti. Bwana alipoingia aliniuliza tangu lini nimekuwa mrefu. Nikamwambia naona vizuri zaidi nikikaa juu. Akasema nifanye nitakavyo mradi barua zitoke.

Alhamisi nikaenda Chumbageni. Mzee Kombo alikuwa barazani peke yake. Nikamweleza yote, ganzi, chupa ya chai, kiti cha magunia. Mwisho nikasema, "Mzee, mkono huu ndio unaonilisha, na ndio utakaomlisha binti yako. Ukiona hautoshi, sitakulaumu."

Alisogea karibu nami. Kisha akasema, "Lete mkono."

Akaushika kama watakavyotuona siku ile. "Unauma?"

"Ndiyo, mzee."

Akalegeza. "Na hivi?"

"Kidogo."

Akalegeza tena, nikawa nasikia joto la kiganja chake tu. "Na hivi?"

"Hapana."

Hakuuachia upesi. Alikaa nao kama anayejifunza kitu. "Basi siku hiyo nitaushika hivi hivi," akasema. "Mkono nitakulegezea, Athumani. Maneno sikulegezei. Utayatamka wakusikie mpaka walio nje. Na Ali niachie mimi."

Njiani nililia, dada, mtu mzima mimi. Shemeji, hapo unaweza kuruka.

Lakini hofu haijanitoka. Jana ganzi ilipungua nikafurahi, leo imerudi. Nikiamka naogopa hata kukunja ngumi, nisije nikajua hali yake. Barua hii nimeiandika kwa kuiacha na kuirudia, ndiyo maana mistari mingine imepinda. Wewe ndiye uliyenilea alipofariki mama, na siku ile nataka nikiinua macho nikuone. Tafadhali shemeji, mruhusu apande meli mapema.

Nisalimieni shangazi Mwanahawa, dada wa marehemu baba, na mwalimu wangu wa chuo, mwambieni nimerudi kwenye mwandiko alioupigia fimbo. Wapwa zangu waambieni mjomba anawakumbuka. Bi Mwanahamisi anawasalimu, na bado anasema ni maji.

Dada, ukishuka bandarini nitakuwa nimesimama mbele. Najua ukifurahi unavyoushika mkono wa mtu na kuutikisa. Safari hii nikumbatie tu.

Mdogo wako akupendaye,
Athumani