Makofi Shambani Kwetu

Kwako kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Nimekupigia simu mpaka nimechoka kuambiwa hupatikani, ndiyo maana nimempa dereva wa lori barua hii akukabidhi mkononi.

Shamba letu lipo vilevile, kama ulivyotaka ulipotia saini liwe makumbusho. Kila asubuhi navaa gauni la kizamani, navua saa, naficha simu chini ya kapu, halafu natwanga mbele ya wageni mahindi yasiyoliwa na mtu. Wageni huniuliza kama kweli watu waliishi hivi. Nami huwajibu kwamba wengine bado.

Mama ndiye waliyempenda kuliko sisi wote. Mtu akikanyaga miche yake ya maharage alimgombeza kwelikweli, hata mtoto aliyemlea mwenyewe hakumwacha salama, na wageni wakidhani ni igizo wakampigia makofi. Mama akazidi kukasirika, na makofi yakazidi.

Tangu mvua zianze, kifua kilimbana. Alikuwa na ombi moja tu, azikwe ubavuni mwa baba, pale nyuma ya zizi alipojiachia nafasi mwenyewe. Nikaenda kwa mkuu wa makumbusho. Ni mtu mpole, alinipa kiti. Akasema anasikitika, lakini shamba linahifadhiwa kama lilivyokuwa mwaka wa mkataba, na mwaka ule kaburi lilikuwa moja. Akasema mwenye sauti ya kubadilisha hilo ni aliyetia saini, yaani wewe. Nilirudi nikamwambia mama kwamba amekubaliwa. Alifurahi, akaniomba uji.

Kaka, mficha uchi hazai. Kaa kitako kwanza. Mama hatunaye. Alifariki wiki iliyopita asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Nilikuwa sijui pa kushika. Shangazi ndiye aliyesema kwamba kama hapa kila cha kweli kinadhaniwa igizo, basi na mama apite njia hiyohiyo. Nikamwendea mkuu, nikamwambia mama amekwenda kwa dada yake kupumzika, na kwamba tungependa kuwaonyesha wageni jinsi wazee walivyozikana. Alipenda sana. Akasema shimo la maonyesho halina ubaya, maana litafukiwa.

Seremala wetu, yule tunayemwita Msumari, alichonga jeneza mbele ya wageni huku akijifuta macho kwa kiwiko. Kesho yake mchana tukamzika mama yetu mbele ya wanafunzi na watalii. Nililia mpaka nikaanguka. Wakapiga makofi, kaka. Bibi mmoja akanishika bega akaniambia nina kipaji.

Sasa maji yamenifika shingoni. Mkuu anataka maonyesho hayo kila Jumamosi, na kwa kuwa mbao ni mali ya makumbusho, amemwagiza Msumari alifukue jeneza Ijumaa hii litumike tena. Msumari ameniambia amejisingizia mgongo, lakini mgongo hauwezi kuuma milele, na mafundi wengine wapo. Nikinyamaza, mama atafukuliwa. Nikisema kweli, mkuu ataniambia kaburi halimo kwenye mkataba, na atafukuliwa vilevile. Mimi hapa ni mtwangaji tu. Saini ni yako. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya, njoo kabla ya Ijumaa useme neno.

Kwa sasa nimehamishia kazi yangu nyuma ya zizi. Nakaa juu ya kaburi kutwa nzima nikipukuchua mahindi, mtu asije akasogea na jembe. Wageni wanapita, wananipiga picha.

Shangazi anakusalimu. Msalimie wifi. Watoto waambie bibi yao yupo ubavuni mwa babu yao. Usiwaambie zaidi mpaka ufike, nisije nikawa muongo kwao pia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba