Kitani cha Makoti Manane

Bigwa, Morogoro
6 Agosti 1911

Kwa ndugu yangu Kasiani, Mlali,

Nilikupoteza adhuhuri ya sikukuu ya Idi, mwaka 1908, pale barazani petu, na tangu siku hiyo sijapata mwingine wa kushika upande wa pili wa kitambaa.

Baada ya hayo nakusalimu sana. U hali gani wewe, na Modesta, na watoto? Mama mfikishie shikamoo yangu, umwambie goti lake nalikumbuka na dawa ya kuchua nimempa Scholastika, huyu muuza mboga anayekuletea barua. Sisi hatujambo. Mwanaheri mke wangu anakusalimu, na bado ana ulimi ule ule.

Nina kinyongo nawe, nisikufiche. Miaka mitatu kasoro miezi miwili hujaniandikia hata mstari mmoja. Mimi niliyeanza kwa kupindia kaniki za watu kwa sindano ya mkono mpaka nikapata cherehani, na cherehani ile nikaiweka kati yetu, wewe uliinuka ukaondoka kama mpangaji.

Kazi ninayo, lakini kuchagua kitambaa kumenishinda. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Tunaomba dukani kipande cha dhiraa moja, tunakiosha mtoni kitoe wanga wote, maana wanga wa dukani hufanya kitambaa cha ovyo kisimame kama askari. Kisha tunakifunga mgongoni kwako, unavaa shati juu, tunapanda mlima jua la saa sita, hatua elfu moja mia moja na arobaini mpaka kwenye lile jabali. Hapo nakifungua kimelowa jasho lako, nakitandaza juani, nahesabu mpaka kikauke. Kitani kilikauka nikiwa mia na themanini. Drili ya Kijerumani, mia nne na ushee, na mgongo wako mwekundu. Hariri ile uliyoisifu ilikugandia hata tukaibandua kwa maji. Na ile sufu nyembamba iliyofumwa wazi, tuliyoicheka kwamba ni ya watu wa baridi, ikatutia aibu kwa mia mbili na kumi, tena bila kujikunja. Kilichopita mia tatu tulikikataa, hata mwenye pesa akibembeleza.

Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo walituonea raha. Mwanaheri, wakati huo hajawa mke wangu, alikuuliza kama umebebeshwa mtoto au umebebeshwa duka. Akaniambia mimi: Yunusi, mwenzio anatoa jasho na wewe unatoa hesabu, sasa fundi hapo ni nani? Wewe ukamjibu kwamba mimi hata ukinichemsha sitoi jasho, ndiyo maana nimepewa kuhesabu. Nilikasirika siku ile. Leo ningefurahi kutukanwa tena.

Baada yako nilijaribu mgongo wa Salum, karani wa stesheni. Akawa anapumzika kila kona, kitambaa kinakauka kabla hatujafika, hesabu zangu zote zikawa uongo. Nikajifunga mwenyewe. Nikafika jabalini mkavu kama nilivyoondoka.

Sasa makarani kumi na wawili wanataka makoti na suruali kwa Idi ijayo. Wanataka nguo ya kuvaa wakati wa joto, bitana mabegani tu, kwapa zenye nafasi. Salum, ambaye alikuwa mmoja wa wale wanane tuliowashonea makoti ya Idi ile, amesema waziwazi: kitambaa akichague Kasiani. Nikamkumbusha yaliyompata. Akasema koti lilinywea, lakini mpaka lilipolowa hajapata kuvaa nguo nyepesi kama ile. Nikamwuliza Scholastika habari zako. Akaniambia unalima kabichi, na mkasi huugusi. Hata mashati ya wanao yanashonwa na mtu mwingine, kwa sababu unasema mikono yako ilikusaliti.

Kasiani, neno hilo limenivunja. Nilidhani umenigundua na umeondoka kwa hasira, nami nikakaa nikilea hasira yangu ijibu yako. Kumbe hujui.

Mikono yako haikukusaliti. Kitani ulichokiloweka wewe mara mbili na kukianika siku mbili, si hicho kilichoshonwa.

Nilipima jora lile likiwa kavu: dhiraa arobaini na nane, kila koti dhiraa sita, watu wanane. Nikawaahidi wote. Ulipokwenda Mlali kwenye ubatizo wa mwanao, nikalipima tena likiwa limekwisha kunywea. Arobaini na tano. Makoti saba, na nusu. Mimi, Yunusi wa hesabu, nilipima kabla ya maji, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja hulifanya mara moja tu. Zilibaki siku sita. Nikanunua jora jingine la kitani kile kile ulichokichagua. Rangi yake ilikuwa na umanjano kidogo, nisingeweza kuyachanganya hayo mawili, na kulilowesha mara mbili na kulianika kungekula siku nne. Nikalikata hivyo hivyo. Uliporudi ulikuta makoti yamekwisha kukatwa, ukaketi ukashona, hukuwa na sababu ya kuniuliza.

Mvua ilipowapiga watokapo kuswali, na wakaja barazani mikono ya makoti imepanda vidole vinne, wakauliza nani aliyeloweka kitambaa. Nikasema Kasiani. Halikuwa uongo, na ndiyo maana lilinitoka kirahisi. Ukatazama viganja vyako. Nilikuona. Ukakunja utepe wako ukauweka juu ya cherehani, nami nikanyamaza mpaka ulipopita kona.

Jora lako limo sandukuni mwangu, dhiraa arobaini na tano, safi. Jana, Jumamosi, niliwaita Salum na wale wengine saba, nikalitandaza barazani na kuwaeleza yote. Wawili wamesema hawatanipa nguo zao tena. Sikuwabishia. Salum alilishika, akaniuliza kama umekwisha kuambiwa wewe. Nikaona haya.

Wasalimie jirani zako wote, na mwanao yule wa ubatizo umbusu kwa niaba yangu. Mwanaheri anasema ukija ana wali wa nazi, usipokuja atawapa kuku.

Scholastika anarudi mjini Jumamosi, tarehe 19. Jumatatu yake makarani wananunua kitambaa. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuuliza jambo moja: utakuja kukaa nami barazani, au hutakuja? Andika ndiyo au andika hapana, kwa mkono wako, na nilipate jibu hiyo Jumamosi kabla ya alasiri. Hapana nitaipokea. Usininyamazie tu.

Ni mimi,
Yunusi bin Pazi, fundi